Ducati 916 baada ya miaka thelathini: uzuri wake na kazi ya kuutunza

Anayenunua Ducati 916 leo ananunua pikipiki ya Kiitaliano yenye umri wa zaidi ya robo karne, kwani ilianza kuuzwa mwaka 1994 na kabla ya muongo huo kwisha ilikwisha kumpisha mdogo wake, 996. Kwa pikipiki ya umri huo, swali la kasi hushuka chini, na swali la nani ataifungua, mara ngapi na kwa saa ngapi hupanda juu. Nimeipenda 916 tangu nilipoiona pichani nikiwa kijana, na baadaye nikapata bahati ya kuishika ikiwa imevuliwa makava yote kwenye gereji ya rafiki yangu, kwa hiyo ninaipima hapa kwa mapenzi na kwa spana.

Massimo Tamburini, aliyeibuni pamoja na wenzake katika kituo cha utafiti cha Cagiva, kampuni iliyokuwa ikiimiliki Ducati wakati huo, huko San Marino, hakuwa mtu wa kuchora umbo kisha akawaachia wengine shida ya kuliunda. Alianzia kwenye kazi ya mifumo ya kupasha nyumba joto mjini Rimini, akawa mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya pikipiki ya Bimota, na ninaamini mkono wa mtu aliyezoea kukunja mabomba unaonekana katika fremu ya 916 na katika ekzosi zake mbili zinazopanda hadi chini ya kiti. Watu husifu taa mbili nyembamba za mbele na mkia mwembamba, na wanastahili kusifu. Mimi husifu zaidi mkono mmoja unaolishika gurudumu la nyuma. Ukiitazama pikipiki kwa upande wa kulia, gurudumu lote liko wazi kama pambo, lakini fundi anaona jambo jingine: gurudumu linatoka kwa kufungua nati moja kubwa, na cheni inakazwa kwa kulegeza boliti na kuzungusha kitovu, bila kuhangaika kulinganisha pande mbili za ekseli. Makava nayo yameshikwa na vifungio vya kuzungusha robo mzunguko, vilivyozoeleka kwenye pikipiki za mashindano, ambako muda wa kufungua ni mali.

Kwa hiyo si kweli kwamba uzuri wa 916 ndio adui wa fundi. Kazi nzito iko ndani ya injini, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki.

Katika injini ya kawaida, kamshafti, shafti yenye vinundu, huifungua valvu na springi huirudisha. Mhandisi wa Ducati, Fabio Taglioni, alianza mwaka 1956 kutumia mfumo wa desmo, ambao kwa kila valvu una roka, yaani kijimkono kinachosukumwa na kamshafti, moja ya kuifungua na nyingine ya kuivuta ifunge, ili valvu isichelewe kurudi injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Injini ya 916 ina silinda mbili zenye valvu nne kila moja, yaani valvu 8, na kila valvu ina nafasi mbili za kupima, hivyo fundi anakuwa na vipimo 16 mbele yake. Havirekebishwi kwa kuzungusha skrubu. Kila kimoja kinahitaji kipande kidogo cha chuma chenye unene wake maalumu, ambacho hubadilishwa au kusagwa mpaka fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ikubali. Ratiba ya zamani ilitaka ukaguzi huo kila kilomita 10,000. Juu ya hayo kuna mikanda miwili ya taimingi, inayozungusha kamshafti, inayopaswa kubadilishwa kila kilomita 20,000 au kila miaka miwili, hata kama pikipiki imelala chini ya shuka muda wote huo. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na bei ya mkanda hugeuka kuwa bei ya kujenga injini upya.

Siku tuliyobadilisha mikanda ile kwenye gereji ya rafiki yangu, kazi yenyewe haikuwa na siri yoyote. Kilichotuchukulia asubuhi nzima ni njia ya kuifikia. Makava yalitoka kwa dakika chache, kisha likaja tangi la mafuta, ambalo sehemu yake ya chini ndiyo mfuniko wa boksi la hewa, na kwa silinda ya mbele tukalazimika kulisogeza rejeta. Mahali pa kuingiza mkono palikuwa padogo, lakini kila tulichokigusa kilikuwa kimeundwa kwa uangalifu, na kilirudi mahali pake bila kulazimishwa. Nilipoondoka pale nilikuwa na imani kwamba mtu mvumilivu anaweza kuitunza 916 kwa mikono yake mwenyewe. Niliona pia wazi kwamba anayemlipa fundi kwa saa atalipa sana.

Ducati wenyewe wameshughulikia jambo hili hatua kwa hatua. Panigale 1199 ya mwaka 2012 iliachana na mikanda ikatumia cheni ndani ya injini, na injini ya V4 ya Multistrada ilirudi kwenye springi za kawaida, ikapata ukaguzi wa valvu wa kila kilomita 60,000. Wapo wapenzi waliohuzunika. Mimi naona ni heshima kwa mwenye pikipiki anayetaka kusafiri nayo mbali.

MV Agusta F4, kazi nyingine ya Tamburini, huenda ni nzuri kuliko 916, lakini ina somo tofauti. Kampuni iliyoiunda ilinunuliwa na Harley-Davidson mwaka 2008 na kurudi kwa Claudio Castiglioni, aliyekuwa akiiongoza hapo awali, mwaka 2010. Kiwanda kinapobadilisha wamiliki, mwenye pikipiki hubaki akijiuliza juu ya vipuri, na spana haimsaidii kitu.

Kwa anayetaka pikipiki ya Kiitaliano ya kukaa nayo miaka 20, ningemwelekeza Mandello del Lario, mji wa Italia wenye kiwanda cha Moto Guzzi, kwenye Moto Guzzi V7. Silinda zake mbili zimechomoza kulia na kushoto, zikapozwa na upepo, na huko kuchomoza ndiko sura yake yote. Mifuniko ya valvu iko wazi kama viganja viwili vilivyonyooshwa: unafungua boliti, unaseti tapeti, yaani nafasi ya valvu, kwa skrubu na nati kama fundi wa bodaboda anavyofanya chini ya mwembe, na tangi haliguswi. Nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti, kwa hiyo hakuna cheni ya kukaza. Ina upungufu wake, kwa kuwa klachi yake kavu ya sahani moja iko kati ya injini na gia, na siku inapoisha ni lazima sehemu hizo mbili zitenganishwe. Ila siku hiyo huja mara chache.

Hata hivyo sitamzuia mtu ambaye moyo wake uko kwa 916. Nitamwomba tu, kabla ya kutoa fedha, aombe risiti yenye tarehe ya mikanda, si maneno ya muuzaji. Aombe pia kuziona roka, kwa sababu injini hizi za valvu nane zinajulikana kwa kubanduka kromu kwenye nyuso za roka, na roka iliyobanduka huila kamshafti. Kama mikanda imepita miaka miwili, au tarehe yake haijulikani, pikipiki isiwashwe ili kusikiliza mlio. Ibebwe kwenye gari mpaka gereji, ifungwe mikanda mipya, ndipo iwashwe.