LiverTox: pa kuangalia kabla hujameza kirutubisho ukiwa na ugonjwa wa ini (nyota 4 kati ya 5)

Kama unaishi na homa ya ini B au C, au una mafuta kwenye ini, au ini limeshaanza kuwa na makovu kama langu, hii tovuti ya LiverTox iwe kwenye simu yako kabla hujalipia kopo lolote la virutubisho. Ni bure kabisa, haikuuzii kitu, haikuombi namba ya simu. Imetengenezwa na taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na kisukari, mmeng'enyo na figo ikishirikiana na maktaba yao ya taifa ya tiba, ilifunguliwa 2012 na mpaka leo wanaiongezea. Ndani kuna dawa za hospitali lakini pia kuna mitishamba, vitamini na vidonge vya kupunguza mwili, na hapo ndo mahali pa kwetu, maana dawa ya hospitali daktari ameshaifikiria kabla ya kukuandikia ila lile kopo la dukani hamna mtu amelifikiria kwa ajili yako.

Unaandika jina la kitu, unaletewa ukurasa unaoeleza kitu chenyewe ni nini, kimewahi kuumiza ini la watu au hapana, dalili zilianza baada ya muda gani na wagonjwa waliishia vipi, alafu kinapewa herufi. A maana yake inajulikana wazi kwamba kinaumiza ini, B uwezekano ni mkubwa, unashuka hivohivo mpaka E, ambayo ni kwamba haielekei kuwa kinaumiza. Ukiona HD pembeni ya herufi ujue shida iko kwenye dozi kubwa.

Ngoja niwaonyeshe kwa kopo moja maana ndo utaelewa thamani yake. Mama mdogo aliniletea vidonge vya "kusafisha ini", kwa upendo wote, akaniambia mwanangu kunywa viwili asubuhi viwili usiku utaniambia. Nikageuza kopo nyuma kwenye yale maandishi madogo. Cha kwanza silimarini, ile ya mmea wa miiba wa Ulaya ambao kila kidonge cha ini lazima wauweke. LiverTox inaipa E, haina madhara ya kutisha, ila kutokuumiza sio kutibu, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2012 waliwapa wagonjwa wa homa ya ini C silimarini dozi kubwa tu, hadi miligramu 700 mara tatu kwa siku, na vipimo vya ini havikushuka kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo hapo ni hela tu.

Kinachofuata manjano. Hapa naomba tuelewane vizuri, manjano ya kwenye mchuzi au pilau hayana neno, tumekula toka utotoni. Ya kwenye kidonge ni habari nyingine, yamekolezwa alafu wanachanganya na kiini cha pilipili manga kinachoitwa piperini ili yaingie kwa wingi kwenye damu, na kuna utafiti wa 1998 ulionyesha kwa binadamu inaongezeka kwa asilimia 2000, yani hata mwili haujazoea kitu kama hicho. Watafiti wa Marekani wanaofuatilia ini lililoumizwa na dawa waliripoti watu 10 walioumizwa na manjano kati ya 2004 na 2022, watano walilazwa na mmoja alifariki. Saba kati ya hao kumi walikuwa na aina moja ya jeni ya kurithi, HLA-B*35:01, ambayo wewe na mimi hatujui kama tunayo, na hiyohiyo imehusishwa na chai ya kijani pia.

Na chai ya kijani ilikuwemo humohumo kwenye kopo, kule chini kabisa! Sio majani ya kikombe, ile iliyokamuliwa ikakolezwa. Herufi yake A. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za kiini chake, EGCG, kwenye virutubisho, vimeng'enya vya ini kwenye damu, ishara kwamba ini linaumia, huanza kupanda. Sasa kopo langu lina miligramu ngapi? Haijaandikwa, wameandika jumla ya mchanganyiko mzima basi, kila kimoja kina kiasi gani hujui. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulirudisha, kopo lisilosema kiasi halipimiki hata ukiwa na LiverTox kumi. Juu ya hapo kulikuwa na vitamini A na niasini (vitamini B3), zote mbili zina A yenye HD, na vitamini A ini ndo ghala lake, ikizidi inajazana hapohapo kwenye ini ambalo tayari linaumwa.

Mama mdogo nilimwonyesha ukurasa mmoja mmoja akaelewa, hakukasirika, na saivi yeye ndo ananitumia picha za lebo kabla hajanunua.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu hizi. Kwanza ni Kiingereza cha kidaktari, kurasa ndefu, kama hukizoei utachoka, mi nakushauri nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya sumu kwa ini na herufi, mengine achana nayo. Pili, na hii ni kubwa, ile herufi inajibu swali moja tu, kitu hiki kinaumiza ini la mtu? Haikwambii ini lako lililosinyaa litakibeba vipi. Mfano vitamini C ina E, safi, lakini zile za kuyeyusha kwenye glasi zina sodiamu nyingi na mtu mwenye maji tumboni ameambiwa apunguze chumvi, herufi haitamkumbusha. Madini ya chuma pia, usijipe mwenyewe bila kipimo cha damu.

Tatu, haijatengenezwa kupima vidonge viwili vikikutana tumboni. Kwa hilo natumia tovuti ya Chuo Kikuu cha Liverpool, inaitwa HEP Drug Interactions, nayo bure, unaweka dawa yako ya homa ya ini na kile unachotaka kuongeza inakupa rangi, kijani endelea, nyekundu usithubutu. Waliopandikizwa ini, hili la vidonge kukutana ndo kubwa zaidi kwao, kuna mmea unaitwa St John's wort wanauweka kwenye vidonge vya msongo wa mawazo, unashusha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, kwenye damu na ini jipya linaweza kukataliwa.

Na kuna kitu hakuna tovuti itakusaidia nacho, unga wa kwenye mfuko usio na jina na chupa ya dawa chungu isiyo na lebo. Huna cha kuandika pale juu utafute. Mimi hivyo sivigusi. Na jamani wenye homa ya ini B, mtu akikwambia acha tenofovir, dawa yako ya kuzuia virusi, kwanza ili dawa yake ya asili ifanye kazi, usikubali, ukiacha ghafla virusi vinaweza kulipuka upya na ini likafeli, bora ukosane na huyo mtu.

Ninavofanya mimi, nikiona kitu kinanivutia napiga picha lebo yote, nakagua kwenye hizo mbili, kisha naenda nayo kliniki. Kipimo changu kilionyesha vitamini D iko chini, daktari akaniandikia hiyo na dozi yake, na ALT, kimojawapo cha vile vimeng'enya vya ini, naipima kabla na baada. Ukiwa unatumia chochote ukaona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, mwili unawasha au macho yana unjano, acha siku hiyohiyo uende hospitali na kopo mkononi, wasikuulize jina ukaanza kubahatisha.

Kiingereza kikikushinda nenda kwa mfamasia mwenye muda, mwambie afungue LiverTox mbele yako mkasome pamoja.