Impreza yangu ya mitumba, mafundi wa Tanga na breki zilizokwenda likizo

Naandika hii nikiwa bado nina hasira. Mdogo wangu kaniambia dada subiri zipoe kwanza, ila mie najijua, zikipoa nasamehe, na hili sitaki kulisamehe. Kwa hiyo vumilieni.

Gari ni Subaru Impreza WRX, ile ya macho ya mviringo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, manyuo, yaani gia unabadilisha mwenyewe. Habari za injini ina nguvu za farasi ngapi na cc ngapi katafuteni wenyewe, zimejaa mtandaoni. Mie nilitaka gari la kukimbiza siku zile tunazokutana, sio la kwendea sokoni Ngamiani. Sisi huku hatuchezei kwenye uwanja wa lami kama wenzetu wa Ulaya na Japani, tunachofanya tunaomba njia za ndani ya shamba la katani, mwenye shamba akikubali tunafunga kipande, gari zinaingia moja moja, mtu kakaa pembeni na saa. Aliyewahi kupita kwenye mashamba ya katani anazijua njia zake, zimenyooka kama zimepigwa rula maana shamba limekatwa mraba mraba, halafu mwisho wa kipande unakutana na kona ya nyuzi tisini na mbele yako ni katani tu. Yaani mchezo wote ni breki. Unaminya moto, unakanyaga breki, unaingia kona, unaminya tena, mpaka jua likuchoke.

Watu wengi waliniambia nichukue Toyota Altezza, spea zake hazisumbui, duka lolote la Toyota utapata pa kuanzia. Sikatai, na tungekuwa tunacheza kwenye lami ningeichukua. Ila kwenye vumbi nataka matairi yote manne yavute, na kusema ukweli moyo ulishaenda Subaru toka utotoni, baba alikuwa akianza kutusimulia dereva wa rali Colin McRae alivyoshinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 na ile Impreza ya bluu basi chai inapoa mezani.

Kabla ya hii nilikataa mbili Dar. Ya kwanza ilikuwa na egzosi kubwa, bawa nyuma, taa za rangi chini, kelele mtaa mzima, nikamwambia muuzaji iache ingurume kidogo ikiwa imesimama halafu ikanyage, moshi wa bluu ukatoka nyuma. Hiyo inakula oili, iwe turbo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, iwe ringi za pistoni, sio shida yangu, nikaaga. Ya pili nilipoomba karatasi ya mnada wa Japani jamaa akasema imepotea, na bonet na fenda hazikai sawa. Mnaonunua hizi gari kataeni kabisa hadithi ya karatasi kupotea, maana kwenye ile karatasi ndo kuna alama, ukiona R au RA ujue gari lilishapigwa likatengenezwa. Na jambo jingine, nendeni bila kupiga simu, mkute injini ya baridi, shika bonet kwa mkono kabla hajawasha. Akishaipasha moto kabla hujafika kuna mlio anauficha. Injini hizi oili ikipungua zinakufa kwa chini, zinaanza kugonga, na ikianza kugonga hiyo sio sevisi tena, ni injini nyingine.

Niliyoichukua sura yake ni mbaya, rangi imebabuka juu ya bonet, kiti cha dereva kimechanika, rafiki zangu walicheka. Lakini haijachezewa. Egzosi ya kiwandani, boksi la filta la kiwandani, hakuna mtu aliyeiongezea kitu. Gari la kukimbiza linunuliwe likiwa hivyo, wewe ndo uanze, na uanze na breki, tairi na oili, sio bawa.

Sasa gereji. Sitaitaja jina wala mtaa, wanaojijua wanajijua. Niliwaandikia kazi zote kwenye karatasi kwa mkono wangu: taimingi belti pamoja na pampu ya maji na tenshena zake, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, padi mpya mbele na nyuma, oili ya breki YOTE itolewe iwekwe mpya ya daraja la DOT 4 na upepo utolewe kwenye mabomba ya breki ya tairi zote nne, mwisho alaimenti. Neno yote niliandika kwa herufi kubwa na nikapiga mstari chini. Fundi mkuu akasoma, akasema hamna shida shem. Shem wa nani sijui, ila nikanyamaza, nishazoea.

Nawapa haki yao, belti wamefunga vizuri, na hiyo kazi sio ndogo, ikikosewa meno au ikikatika valvu zinapigana na pistoni na umeshapoteza injini. Alaimenti nayo safi, niliachia usukani barabara ya Pangani na gari likaenda lenyewe bila kuvuta upande. Wakati nalipa nilikuwa na furaha hata nikawaachia ya soda. Kwenye risiti breki peke yake laki mbili na nusu, padi, oili ya breki lita nzima, na ufundi. Nimeitunza.

Siku yenyewe ikafika, joto la Tanga mnalijua, jasho linaanza kabla hujafunga mkanda. Mizunguko ya mwanzo raha tupu, gari linashika, turbo ikiingia unasukumwa kwenye kiti, nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Halafu pedali ikaanza kulegea. Sio kwamba gari halisimami, linasimama, ila mguu unashuka zaidi kuliko mwanzo. Nikajisemea nimalizie huu mzunguko niingie nipumzike. Mwisho wa ule mnyoofu mrefu nakanyaga, pedali hiyooo mpaka kwenye kapeti. Hakuna kitu. Nikapampu mara mbilimbili ikashika kidogo ikaachia, nikashusha gia mpaka mbili injini ikalia, nikavuta hendibreki maana yenyewe ni waya haitegemei oili, gari likageuka ubavu likaingia kwenye katani.

Mie mzima, tuanzie hapo. Gari nalo halijaumia sana. Lakini wasiojua katani wanadhani ni majani. Ile ncha nyeusi ya mwisho wa jani inatoboa kiatu. Jani moja lilipita kwenye grili likazama mpaka kwenye kondensa ya AC, gesi ikatoka fyuuu, jingine likapasua bampa, na ubavu wa kushoto una michirizi toka taa ya mbele mpaka mlango wa nyuma. AC ndo basi, na mwezi huu Tanga bila AC, aisee.

Tukaliburuta mpaka kwenye mwembe tukaliacha lipoe. Baada ya muda nakanyaga pedali, ngumu, imerudi, kana kwamba haikufanya kitu. Hapo ndo nikajua, na ningependa kila mtu anayecheza na gari alijue hili. Padi zikizidiwa na joto pedali inabaki ngumu ila gari halisimami. Pedali ikilegea mpaka chini halafu ikipoa inarudi, hiyo ni oili ya breki imechemka. Oili ya breki inanyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na hewa yetu ya pwani unyevu wake si wa kuuliza. DOT 4 mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzijoto 230 bila kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155 tu. DOT 3 ni 205 na 140. Ikichemka inatoa mvuke ndani ya bomba, na mvuke unaminyika, kwa hiyo mguu wako unaminya mvuke badala ya kusukuma padi. Kwenye safari za mjini hutaona kitu miaka na miaka. Kwenye kona za nyuzi tisini zinazofuatana utaona siku hiyohiyo.

Sasa swali, oili niliyolipia mpya inachemkaje siku ya kwanza?

Nikarudi gereji. Nimeingia kwa adabu zote, shikamoo mzee, akaitikia bila kuniangalia, yuko na kahawa yake na kashata. Nikaeleza toka mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu, mbele ya vijana wake wote na wateja wawili waliokaa kwenye benchi, akasema, "Shem, mumeo yuko wapi? Mlete tuzungumze nae, mambo haya ya kiufundi."

Mume wangu. Mume wangu manyuo haijui! Ana leseni ya pikipiki na bajaji, gari ananiomba mie nimpeleke. Nikamwambia mzee gari ni langu, hela ni yangu, na mguu uliokwenda mpaka kwenye kapeti ni wangu, ongea na mie. Akacheka. Akasema nyie watoto mkishaona vivideo mnataka kutufundisha kazi, gari hili wewe limekuzidi, ungenunua Vitz, breki unazikalia ndo maana zinachemka. Wale wa kwenye benchi wakacheka nao. Nilisikia masikio yanawaka.

Kuna kijana wake mmoja, fundi mdogo, hakucheka. Akasubiri mzee kaenda kuswali adhuhuri, akaniita, dada njoo uone. Akatoa tairi la nyuma kulia, akanionyesha ile skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, ile inayobana padi. Kile kikofia cha mpira juu yake kimekauka kimeshikana na chuma, kutu imezunguka pande zote, tope la zamani limejaa kwenye meno, spana haijawahi kugusa pale toka gari litoke Japani, labda na kabla. Akakivunja kwa shida, akapulizia dawa ya kutu, akafungua, oili iliyotoka ni nyeusi tii. Mpya ni nyeupe au ya manjano ya mbali, unaona kupitia. Hii uliiweka kwenye chupa huoni upande wa pili. Walichofanya ni kufungua kifuniko cha juu, kujazia kidogo juu ya ile ya zamani na kuniandikia lita nzima.

Kwa hiyo nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema msiende pale hata kwa kubadilisha balbu. Halafu nikakumbuka ile belti, na alaimenti, na yule kijana, nikasema labda niseme nendeni ila simamieni kazi kwa macho yenu. Halafu nikaitazama risiti tena, lita nzima, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikarudi kulekule. Mtu anayeweza kuharibu oili ya breki ya gari lililoandikwa kwenye karatasi kuwa linakwenda kukimbizwa, belti yake kaifunga vizuri kwa bahati au kwa ujuzi? Sasa hata belti inaninyima usingizi. Msiende. Mkienda muulizieni yule kijana, na mzee akiwepo msimwambie nimewatuma mie, atamfukuza mtoto wa watu.

Gari nalo nilishalipiga picha za kuuza. Nikalipiga vizuri, upande wa kulia usio na michirizi, nikaandika bei. Jioni nikalitoa mpaka Raskazone kulipasha moto, turbo ikaingia pale kwenye mnyoofu, nikafuta tangazo kabla sijafika baharini. Silaumu gari. Gari lilifanya kila nilichotaka mpaka dakika ile oili ilipochemka, na hata hapo hendibreki yake ndo iliyoniokoa.

Oili nimenunua mwenyewe, makopo yamefungwa, na yule kijana kaja kwangu siku yake ya mapumziko, mie nikikanyaga pedali yeye chini anafungua na kufunga, tairi moja moja, tukianza na lililo mbali na pampu, mpaka ikatoka safi bila povu. Kanitoza elfu thelathini na chai.

Mzee kanipigia juzi, anasema nilete gari atanitolea upepo bure. Mzee, upepo umeshatoka. Ninachodai ni laki mbili na nusu ya breki, na kondensa.