Kisiki kimetoka, hasira bado

Kwa mwenye haraka: nyota mbili kwa hawa waondoa visiki. Mara ya kwanza niliwapa moja, nikaifuta, nikaandika nne, nikazifuta nazo. Huenda nikifika chini ya maandishi haya nikabadilisha tena, maana kila nikimkumbuka yule kijana damu inachemka, na kila nikitazama pale uani moyo unatulia.

Huduma ni ya kuondoa kisiki kwa mashine. Ina gurudumu lenye meno ya chuma kigumu, linazunguka kwa kasi huku likipelekwa kushoto na kulia juu ya kisiki, linakila tabaka kwa tabaka mpaka kinageuka maranda. Mizizi ya pembeni inabaki ardhini ioze taratibu. Hayo niliyajua kabla sijapiga simu na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa kina: mashine ishuke mpaka wapi, na nani mwenye haki ya kuuliza.

Kisiki kilikuwa cha mkaratusi, kinene, karibu na ukuta. Waliokata mti walikuwa mafundi wengine kabisa, na hao nao nina lao. Walikata usawa wa ardhi, wakajisifu kwamba hata mtu hatajikwaa. Anayejua kazi hiyo, kama kisiki kitang'olewa kwa mkono, anaacha shina refu, la kufika kiunoni au zaidi. Ukishachimba pembeni na kukata mizizi ya juu, shina hilo ndilo wenzo wako: unalisukuma huku na huku mpaka mzizi wa chini unalegea. Likikatwa chini unabaki na sahani ya mbao isiyo na pa kushika. Kijana wa sururu aliyekuja baada yao alizunguka akichimba, akapiga shoka likaruka, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba hii si kazi ya binadamu.

Ushauri wa bure haukukosekana. Mmoja akasema nimwage dizeli. Dizeli haiozeshi mti, inaharibu udongo, na ikiwa kuna kisima karibu umejitafutia balaa. Mwingine akasema chumvi, nayo hivyo hivyo, ukimaliza hakuna kitakachoota hapo. Kuna potasiamu naitreti, hiyo angalau ina maana: unatoboa matundu marefu kwenye kisiki, unaijaza, unamwagilia maji, kuvu wanaofanya kazi ya kuozesha wanapata chakula na mbao inalainika mapema zaidi. Lakini mapema kwa kisiki ni miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na mimi nilikuwa na shughuli na pale mahali. Moto nilikataa katakata kwa sababu ya ukuta, na kwa sababu mzizi ukishika moto unaweza kufuka chini kwa chini siku kadhaa bila mtu kuona. Kuvuta kwa gari sikutaka hata kusikia. Mnyororo ukikatika ukiwa umevutwa vile unarudi kwa nguvu ya kuua mtu.

Basi nikaita mashine.

Kijana wao akashuka na mashine yake, akanitazama, akatazama nyuma yangu kama vile nimesimama mbele ya mtu.

"Baba yupo?"

Nikamwambia aliyepiga simu ni mimi, na aliyelipa malipo ya kwanza ni mimi.

"Sawa mama, lakini ningeongea na baba ingekuwa rahisi. Haya ni mambo ya mashine."

Hakuna baba. Nyumba yangu, ua wangu, kisiki changu. Nikameza, nikasema si vizuri kugombana na mtu kabla hajaanza kazi. Nikamweleza kwamba pale nataka kujenga msingi wa tangi la maji la lita 5,000, kwa hiyo nauliza, utashuka kina gani? Akavaa vizuia kelele vyake masikioni nikiwa katikati ya sentensi. Katikati ya sentensi! Halafu akanipungia mkono niende ndani.

Hakuuliza bomba la maji linapita wapi. Hakuuliza kama kuna waya wa umeme uliofukiwa. Hakuweka ubao wala turubai kati ya mashine na madirisha, na gurudumu lile likikutana na jiwe linalirusha kama risasi. Kioo hakikuvunjika, namshukuru Mungu, siyo yeye.

Sasa niseme na la haki. Mashine ilipoanza kuuma ule mti, nilisahau hasira kwa muda. Mbao iliyokuwa inarudisha shoka ilikuwa inatoka kama unga, maranda yanaruka, harufu ya mkaratusi imejaa uani kote. Sahani ile ikazama chini ya macho yangu. Nilisimama dirishani nikawa natabasamu peke yangu. Kama ningeandika dakika ile ningewapa nyota zote na kuomba za nyongeza.

Kisha akazima. Akachukua reki, akasawazisha maranda, akayapigapiga kwa nyuma ya koleo, pakapendeza. Akaja na simu mkononi kutaka malipo yaliyobaki.

Mimi nikachukua mtaimbo uliokuwa umeegemea ukuta, ule ule alioacha kijana wa sururu, nikauchomeka katikati ya maranda. Ukaingia vizuri, laini, halafu: ko! Nikasogea kidogo, nikachomeka tena. Ko! Nikaenda ndani nikaleta tepu. Haikufika sentimita 10. Chini ya lile godoro zuri la maranda kisiki kilikuwa kimekaa, kipana vile vile, kimenyolewa kichwa tu.

Sentimita 10 kwa mtu anayetaka kupanda nyasi huenda akavumilia. Lakini nilimwambia ni tangi. Lita 5,000 zikijaa ni tani tano za maji, bila kuhesabu tangi lenyewe na zege. Unaziweka juu ya mbao itakayooza? Mbao ikioza inapungua, ardhi inatitia, tena haititii sawasawa, upande mmoja kwanza. Tangi likianza kuinama utamwita nani, baba?

Nikamwonyesha tepu. Hakuitazama.

"Mama, kwani ulitaka nichimbe mpaka kuzimu?"

Nikanyamaza kwanza maana nilihisi mikono inatetemeka. Nikamwambia taratibu, nataka ushuke mpaka mtaimbo usigonge kitu. Ndipo hadithi ikabadilika. Sasa ikawa kuna chuma ndani ya kisiki, meno ya mashine yamekatika, na kwa kawaida mteja ndiye anayelipia meno.

Nakubali kwamba jambo hilo hutokea. Mti ukipigiwa msumari au kufungwa waya na kuachwa miaka, gome linakua juu yake na kuumeza, na hata meno yenye ncha za kabaidi, yanayovumilia mbao ngumu, yakikutana na chuma yanamegeka. Sibishi. Lakini anayekutana na chuma anasimamisha mashine anakuita uone. Hafuniki kwa maranda akapiga reki. Nikamwambia nionyeshe chuma. Hakuna. Nikamwambia nionyeshe meno. Akanionyesha jino moja lililochakaa, nyeusi, lenye kutu mahali lilipomegeka. Kutu! Lilimegeka asubuhi hii likapata kutu kabla ya mchana?

Hapo akapiga simu ofisini mbele yangu, hata hakusogea pembeni. "Bosi, huku kuna mama mmoja msumbufu sana."

Nimeandika mengi lakini kusema kweli ni hilo neno ndilo lililonileta hapa. Ya kina yangesuluhishwa. Mtu anaweza kuwa na haraka, akawa na kazi nyingine inamsubiri, mafuta yamepungua, nayaelewa yote. Lakini kusimama kwenye ua wa mtu, umekanyaga mali yake, na kumwita msumbufu akiwa anakutazama machoni, kwa sababu ameleta tepu? Ningekuwa mwanaume mwenye tepu angeniita mteja anayejua anachotaka. Sikulipa kilichobaki. Akaondoka akiburuza mashine, akaacha geti wazi.

Mwenye ofisi nilipompigia alikuwa mpole. Mpole mno, wa "pole sana mama, tutalifanyia kazi", halafu kimya. Ikapita muda. Mvua ikanyesha, na katikati ya maranda yakachomoza machipukizi, mengi, majani machanga yenye harufu ile ile ya mkaratusi ukiyasugua kwa vidole. Mkaratusi ndivyo ulivyo, ukiuacha na kisiki hai unachipua upya, wapo wanaoupanda kwa kutegemea hilo, wakate mara kadhaa bila kupanda mwingine. Kisiki kilichokatwa punde hupakwa dawa ya kuua magugu, kama glaifoseti, kwenye ukingo ulio karibu na gome, pale panapopitisha chakula cha mti. Kikikauka dawa haiingii vizuri. Hakuna aliyeniambia, si waliokata wala huyu aliyesaga. Nikapiga picha machipukizi na tepu pembeni, nikatuma ofisini bila maneno.

Picha zilifanya kazi kuliko maneno. Walimleta fundi mwingine, mtu mzima, na hapa ndipo nyota zilipopanda.

Kitu cha kwanza alichosema baada ya salamu: "Dada, hapa unataka kuweka nini?" Nusura nilie. Cha pili: bomba linapita wapi? Nikamwonyesha, akachora mstari kwa mguu. Akasimamisha mbao mbili upande wa madirisha. Akatoa maranda yote ya zamani kwanza, kwa koleo, mpaka kisiki kikaonekana kilivyo, akakitazama, akaguna. Hakumsema mwenzake. Aliguna tu.

Alisaga akishuka kidogo kidogo, akizima mara kwa mara na kuchomeka mtaimbo. Mizizi minene iliyotoka pembeni aliifuata nayo, siyo katikati pekee. Chuma nilichokuwa nakisubiri kwa hamu ili nijue kama nimemwonea yule kijana hakikuonekana hadi mwisho. Akaniita nichomeke mtaimbo mwenyewe. Ukazama. Nikasogea, ukazama. Udongo mtupu.

Na akanieleza bila kunitafutia baba. Kwamba kwa nyasi unaweza kurudisha maranda kidogo na udongo juu, ila ujue maranda yakiwa yanaoza yanavuta naitrojeni ya udongo, nyasi zitakuwa za njano mpaka uongeze mbolea. Kwa tangi, maranda yasibaki hata kidogo: toa yote, jaza udongo na kokoto kwa matabaka, shindilia kila tabaka kabla ya lingine. Usijaze shimo lote kwa mkupuo ukashindilia juu, maana chini patabaki palegevu. Maranda nikayatandaza chini ya miti mingine, mbali kidogo na mashina, yanatunza unyevu vizuri sana. Kwa hilo nina furaha kabisa.

Nikamwandikia mwenye ofisi kumshukuru, nikapandisha nyota mpaka nne. Nilikuwa nimekwisha samehe.

Ndipo fundi, akifunga mashine, akasema kwa nia njema: "Yule kijana ni mzuri tu, dada, nadhani mlipishana kauli." Hatukupishana kauli. Kauli ilikuwa moja, yake. Nikaliacha lipite kwa sababu ya kazi aliyonifanyia. Lakini jioni ukaja ujumbe wa ofisi: kwa kuwa kazi imekamilika, tafadhali futa malalamiko ya mwanzo, kijana ana familia na anategemea kazi hii.

Ana familia. Nami nina nini? Hakuna aliyesema ataulizwa. Hakuna aliyesema ataomba radhi. Walichotaka ni nifute. Nne zikarudi mbili usiku ule ule.

Kwa hiyo ukiniuliza uwaite au usiwaite, nakujibu waite, ndiyo, mashine ni nzuri na ikishikwa na anayejua inafanya kazi ambayo mikono haiwezi. Andikeni kina kabla ya kazi, kwa sentimita, na waandike wao wenyewe. Malipo ya mwisho yasubiri mtaimbo. Mimi mwenyewe nina kisiki kingine nyuma ya nyumba, kidogo zaidi, na nimekwisha wauliza kama yule fundi mtu mzima ana nafasi. Wamesema watamtuma atakayekuwepo. Akiwa ni yeye, nyota zitakuwa tano. Akiwa ni yule mwingine, geti halifunguliwi, akamtafute huyo baba anayemtaka.