Buti za mtumba za Kongowea: je, zitafika kilele cha Lenana?

Kundi la marafiki likipanga kupanda Mlima Kenya kutoka Mombasa, soko la kwanza kutajwa ni Kongowea, na si kosa. Kwenye mafungu ya viatu vya mtumba huibuka buti za Meindl, Lowa au Scarpa ambazo ngozi yake bado i imara, vikulabu vya gidamu vyote vipo, na chini kuna nembo ya njano ya Vibram. Mnunuzi huiona nembo ile akatoa pesa papo hapo. Hapo ndipo anapokosea.

Vibram ni soli ya chini, ile inayokanyaga mwamba. Kati yake na ngozi, kwenye buti nyingi, kuna tabaka la povu la poliurethani, na hilo ndilo linalokufa kwanza. Unyevu wa hewa hulivunjavunja kidogo kidogo, joto likiongeza kasi. Kiatu kilichosahauliwa kabatini Ulaya, kikapakiwa kontena, kisha kikakaa katika hewa yetu hii inayotia kutu hadi bawaba za milango, huzeeka bila kuvaliwa. Hesabu ya kawaida ni miaka 5 hadi 10 tangu kutengenezwa. Ukikitazama, hakikuonyeshi lolote. Kikibeba mtu na mzigo wake kwa saa chache, povu humong'onyoka kama keki kavu, soli ikabaki njiani.

Basi ukikishika kiatu, ngozi iache kwanza. Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli ya kati: povu zima hubonyea likarudi, lililooza hunata kama nta au hutoa unga. Kisha kunja ncha kwa nguvu mara kumi huku ukitazama soli inapokutana na ngozi. Nyufa nyembamba hapo, rudisha kiatu funguni. Tafuta pia kitambulisho kilichoshonwa ulimini, maana baadhi ya viwanda huchapa mwezi na mwaka. Muuzaji akikukataza kukunja, nenda kwa jirani yake.

Usidanganyike kwamba fundi viatu atamaliza mambo kwa gundi. Gundi itashika povu bovu, na povu bovu halishiki kitu. Dawa ni kukwangua povu lote, kuweka bamba jipya la EVA (aina nyingine ya povu) au mpira, kurudisha soli ya chini na kushona pembeni. Kazi hiyo ijumlishe kwenye bei kabla hujasema umeokota. Buti zenye EVA tangu kiwandani hazimong'onyoki hivyo. Hubonyea tu zikawa ngumu kama ubao.

Saizi pimeni jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene za sufu. Gidamu zikiwa wazi, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja. Kutoka Lenana, mita 4,985, hadi lango la Chogoria ni mteremko wa takriban mita 2,000, na kiatu kinachobana huko hung'oa kucha.

Kuvuja kunapimwa kwa beseni: simama dakika 10, maji yakiwa chini ya gidamu. Anayepanda kwa njia ya Sirimon wakati wa kiangazi anaweza kuvumilia kiatu kinachovuja kidogo. Wa njia ya Naro Moru, penye lile tope la mlimani, asithubutu.

Mombasa ni tambarare, na matembezi ya ufukweni Mama Ngina hayafundishi kisigino chochote. Pandeni na kushuka ngazi za ghorofa na mkoba wa kilo 8, halafu nendeni mlima Vuria kule Taita, mita 2,208. Buti ikimaliza kilomita 40 hivi salama, inaaminika. Ikilowa, ianike kivulini. Jua kali na moto hulegeza gundi.

Kundi la watu wanane libebe jozi mbili za gidamu za sentimita 180, tepu pana na mita 5 za kamba ya nailoni. Soli ikifunguka, pitisha kamba mbele tu ya kisigino, penye bonde lisilosuguana na mawe, uikaze juu ya kifundo, kisha zungusha tepu kwenye vidole. Tepu italika haraka, kwa hivyo isiishe njia ya kwenda.

Majaketi mazito ndiyo bidhaa bora ya soko hili kwa mpanda mlima: nani atayagombania Pwani? Mifuko ya kulalia inataka uangalifu. Iinue juani: manyoya yakiwa yamejikusanya madonge, pale patupu ndipo baridi ya kambi ya Shipton itakapoingia, na usiku kule hushuka chini ya sifuri. Soma namba ya nyuzijoto iliyoandikwa “Comfort”. Ile ya “Extreme” ni ya kunusurika tu, hutalala.