Skripti za kupanga lugha ndani ya InDesign: uzoefu wangu na vitabu vya Kiswahili

Nianze na jibu, maana wengi mnataka kujua kama inafaa kuhangaika kuandika skripti (programu fupi ya kufanya kazi zinazojirudia) ndani ya InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa. Inafaa. Kama kazi zako ni mabango na kadi za harusi, pita tu. Lakini kama unapanga vitabu vya kiada, kamusi au ripoti ambazo Kiswahili na Kiingereza vinapokezana ukurasa baada ya ukurasa, skripti ndogo ya kupanga lugha ya maandishi itakuokolea muda mwingi.

Tatizo lenyewe kila mpanga kurasa analijua hata kama hajawahi kulitafutia chanzo. Mwandishi anakuletea faili la Word alilolichapa kwenye kompyuta iliyowekewa Kiingereza cha Marekani. Kila neno humo, hata "tunawasihi", limebebeshwa alama isiyoonekana kwamba ni la Kiingereza. Ukiliingiza InDesign, alama inakuja nalo. Unaweza kuwa umeshachagua lugha vizuri kwenye staili ya aya (mpangilio wenye jina unaoupa aya nzima), lakini iliyotoka Word inakaa juu ya staili na kuishinda. Dalili yake ni ile alama ya kujumlisha pembeni ya jina la staili. Sasa programu ikifika mwisho wa mstari inakata maneno kwa kanuni za Kiingereza: ten-deka, kim-bia, shan-gazi. Sisi silabi zetu ni te-nde-ka, ki-mbi-a, sha-nga-zi. Mtu mzima atasoma apite. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye ndiyo kwanza anafundishwa silabi, anapewa kitabu kinachompinga mwalimu wake.

Kwa mkono unaweza kuteua maandishi na kubadili lugha kwenye paneli ya herufi. Kwa kurasa nne, sawa.

Skripti za InDesign zinaandikwa kwa JavaScript, unazihifadhi kama .jsx kwenye folda ya mtumiaji ya paneli ya skripti, halafu unabofya mara mbili. Kilichonifurahisha ni kwamba sifa moja tu, appliedLanguage, ipo karibu kila mahali palipo na maandishi: kwenye neno, kwenye aya, kwenye staili, hata kwenye kutafuta na kubadili. Yangu inafanya kazi mbili. Kwanza inapitia staili zote za aya. Zinazoanza na "Sw" inazipa Kiswahili, zinazoanza na "Eng" inazipa Kiingereza cha Uingereza. Kisha inapita kwenye maandishi, kipande kwa kipande, na kila kipande inakipa lugha ya staili ya aya yake, bila kugusa italiki wala koza. Hapo ndipo inapoishinda ile amri ya kufuta mabadiliko yote ya juu ya staili, ambayo inaondoa lugha mbaya lakini inaondoka pia na italiki zote ambazo mwandishi aliziweka kwa makusudi.

Anayeanza ajihadhari na mambo machache. Maandishi yaliyo ndani ya tanbihi na ndani ya majedwali hayaguswi unapopitia aya za matini kuu. Lazima uyaite kwa jina lake, footnotes na tables, na kwenye majedwali ushuke mpaka kwenye seli. Kitabu kinaweza kuonekana safi kabisa huku tanbihi zote zikiwa bado za Marekani. Pili, zungushia skripti yako amri ya doScript yenye ENTIRE_SCRIPT, inayoifanya skripti nzima ihesabiwe kama hatua moja, ili ukiona mambo yameharibika, Ctrl+Z moja irudishe kila kitu; bila hiyo utarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kidole kiume. Tatu, usitafute lugha kwa jina linaloonekana kwenye menyu. Jina hilo hubadilika kulingana na lugha ya programu, na mwenzangu wa Bujumbura anatumia InDesign ya Kifaransa. Tumia icuLocaleName, yaani misimbo kama en_GB. Hiyo haibadiliki.

Sasa Kiswahili chenyewe. Kwenye orodha ya lugha iliyokuja na toleo langu hakikuwemo. Njia ya mkato wanayoitumia wengi ni kuchagua "No Language": maneno hayakatwi, msahihishaji tahajia hasumbui, kazi inakwenda. Kwa kitabu cha karatasi chenye mistari mirefu inatosha. Kwa safu nyembamba za gazeti maneno yetu marefu yanaacha mapengo ya kutisha. Na ukitoa EPUB, yaani kitabu cha kielektroniki, lugha ya maandishi ndiyo inayoandikwa kwenye msimbo wa kitabu, kwa hiyo asiyeona anayetumia NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, hatapata sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG kama wewe hukusema kwamba hiki ni Kiswahili.

Njia ninayoipenda ni kuongeza lugha mwenyewe. InDesign inapokea kamusi za Hunspell, mfumo huria wa kusahihisha tahajia, za aina ileile inayotumiwa na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, na huko kamusi ya tahajia ya sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, ipo tayari. Faili la kukatia maneno niliandika mwenyewe, na hapa Kiswahili kimetupendelea mno: karibu kila silabi inaishia na irabu. Mstari wa kwanza unaandika UTF-8, kisha ruwaza a1, e1, i1, o1, u1, maana yake ruhusa ya kukata baada ya irabu hizo. Namba ya witiri inaruhusu, ya shufwa inakataza, kwa hiyo a2a inazuia kukata katikati ya "saa". Ng' haikatwi kamwe, kwa sababu hakuna irabu ndani yake. Yanayosumbua ni maneno ya mkopo: ruwaza hizo zinatoa da-ktari na ma-ktaba. Nikaongeza a2k1t, yote mawili yakanyooka, dak-tari na mak-taba. "Labda" ikapata a2b1d. Orodha inakua kadiri unavyokutana nayo.

Baada ya hapo unahariri Info.plist, faili la mipangilio ya Hunspell ndani ya InDesign, ili sw_TZ iingie kwenye lugha za tahajia na za kukata maneno. Utahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na ukihamia toleo jipya la programu unarudia. Inachosha, sitaficha.

Tangu InDesign 2023 kuna skripti mpya za UXP, mfumo mpya wa Adobe wa skripti, ambazo majina ya faili zake yanaishia na .idjs, ambazo zinakubali JavaScript ya kisasa. Mimi bado niko kwenye .jsx, ingawa ni JavaScript ya enzi za 1999 isiyojua hata let, kwa sababu inakwenda pia kwenye CS6, toleo la zamani la InDesign lililobaki kwenye kompyuta za wapiga chapa wengi ninaofanya nao kazi. Anayeona ada ya kila mwezi ni nzito ajaribu Scribus, programu nyingine ya kupanga kurasa: ni ya bure, skripti zake ni za Python, na ruwaza zake za kukatia maneno ni za aina hiyohiyo.

Kitu ambacho skripti haijanisaidia ni neno moja la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, hasa majina ya watu na ya kampuni. Hayo nayapa staili yake ya herufi kwa macho, wakati wa kusoma nakala ya mwisho.