Kituo cha wazazi kilichonisaidia kumpambania mwanangu: uzoefu wangu

Habari zenu wapendwa. Naandika kwa wazazi wenzangu tulioko huku Marekani, hasa wewe mwenye mtoto ambaye nyumbani unamwona kichwa kweli kweli halafu shuleni unaambiwa mzembe. Mimi nimehangaika miaka miwili na kilichokuja kunitoa ni kituo cha mafunzo na taarifa kwa wazazi, huduma ambayo hata wenzangu kazini hawakuwahi kuisikia. Kila jimbo lina angalau kimoja, kinapata hela za serikali kuu kwa sheria ya IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, mzazi hulipi hata senti. Walioko Minnesota chenu kinaitwa PACER, kipo toka 1977. Cha jimboni kwetu sikitaji, namlinda mtoto.

Mwanangu ana miaka 9. Baba yake alimfundisha bao akiwa na 6, hili bao letu lenyewe la kete 64, na mkishaingia kwenye mtaji mtoto anakaa kimyaa anaangalia tu, halafu anakwambia kete ya mwisho italala shimo lile pale, hapo ni baada ya mizunguko mitatu minne, na kweli inalala pale pale. Sasa huyo huyo mpe kitabu cha darasa la pili. Anatoka jasho. Neno alilolisoma sasa hivi, ukishuka mistari miwili halijui tena. Kuandika sentensi moja ni nusu saa na machozi juu.

Shule walimpima akili baada ya mimi kusumbua sana. Jibu likaja kwamba jumla amepata 109, na wastani wa hicho kipimo ni 100, kwahiyo hayuko chini ya wastani, msaada hastahili, na darasa la wenye vipaji nako hajafika. Basi. Nikasaini nikaondoka. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, ripoti kurasa 14, Kiingereza cha kitaalamu, hata cha kuuliza sikukijua.

Dada mmoja wa kanisani ndo akanipa namba ya kituo. Nikaacha ujumbe, wakanipigia baada ya siku 9, na hapo nyota moja naitoa kabisa, siku 9 kwa mzazi aliyechanganyikiwa ni nyingi mno jamani. Ila mshauri aliyenipigia, mama mtu mzima ambaye na yeye amelea mtoto wa aina hii, alinipa saa nzima na nusu, na mkalimani wa Kiswahili yuko kwenye laini. Akaniambia mama, hiyo jumla iache kwanza, nisomee zile namba tano za kila eneo. Nikasoma. Kufumbua mafumbo 132. Kushika vitu kichwani kwa muda mfupi 82. Kasi ya kazi za kalamu na karatasi 76. Akaniuliza, mama unaona hapo? Nikaona. Yaani ile 109 ilikuwa imefunika vyote viwili, akili haionekani na shida haionekani, na mwanangu wa kweli hayumo kwenye ile namba waliyonipa.

Akanifundisha vitu ambavyo kila mzazi angepewa siku ya kwanza. Kwamba mwaka 2013 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa barua inayosema mtoto mwenye uwezo mkubwa wa akili hawezi kunyimwa huduma kwa sababu hiyo tu kama ana ulemavu na anahitaji elimu maalumu. Kwamba kama sikubaliani na kipimo cha shule naweza kudai tathmini huru, yaani kipimo cha mtaalamu asiye wa shule, na wao ama wanalipa ama wanaenda kwenye shauri kutetea kipimo chao. Kwamba kikaoni mkalimani ni jukumu la shule, sio nimbebe mtoto wangu mkubwa atafsiri. Na kila kitu kwa maandishi chenye tarehe, ukiongea mdomoni tu ni kama hujaomba. Barua niliandika mwenyewe, yeye anasahihisha, kwa sababu hawa sio mawakili, usitegemee watakufanyia.

Shule walikubali kulipa. Mtaalamu wa nje akasema disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika maneno isiyotokana na akili ndogo, na akatuuliza kama kwenye ukoo yupo mwingine, maana mara nyingi inarithiwa. Mume wangu akaangalia chini. Jioni nikampigia mama mkwe Morogoro, akaniambia mwanangu, huyo ni baba yake mtupu, baba yake hakujua kusoma mpaka darasa la tano, alichapwa mpaka tukamhamisha shule. Miaka 12 ya ndoa mimi sikuwa najua. Nilikuwa nafikiri hapendi tu kujaza fomu, zote ananisukumia mimi. Usiku ule alienda akakaa kitandani kwa mtoto muda mrefu sana, walichoongea sijauliza.

Sasa IEP, yaani mpango wa maandishi wa elimu maalumu wa mtoto wangu, ipo toka Februari. Siku nne kwa wiki nusu saa anafundishwa sauti na herufi hatua kwa hatua na mwalimu aliyesomea hiyo kazi, mtihani anaongezewa muda, sayansi anajibu kwa mdomo, vitabu kompyuta inamsomea. Na hesabu anakaa na darasa la sita, hii niliipigania mwisho kabisa na ndo imemrudishia uso wake.

Kasoro nyingine ya kituo, karatasi zao nyingi ni Kiingereza na Kihispania, za Kiswahili sikuona hata moja. Na upande wa kipaji hawana mengi, kwa sababu sheria ya nchi nzima inayolazimisha shule kuwahudumia wenye vipaji haipo, kila jimbo na utaratibu wake, hivyo hilo la hesabu nilisaidiwa zaidi na wazazi wenzangu kwenye grupu la WhatsApp. Nawapa nyota 4.

Wiki iliyopita mume wangu mwenyewe ndo kamuuliza yule mama mshauri wa kituo kama mtu wa miaka 41 bado anaweza kupimwa. Akamtumia namba ya kliniki. Apointimenti ni tarehe 14, kaomba ruhusa kazini.