Choo kimeelekezwa kibla: niliyoyaona kwa wachoraji ramani wa kijumba changu

Naanza na choo, maana ndicho kilichonitia hasira, na hasira yenyewe bado haijanitoka.

Ramani ya kijumba cha mita 4.2 kwa 7.2 imerudi kutoka ofisi moja ya wachoraji mjini, imegongwa muhuri, imo ndani ya bahasha safi. Naifungua, naona sinki la choo limepewa mgongo upande wa kusini, uso kaskazini. Hapa Unguja kaskazini ndiko kibla, na sisi Waislamu hatukidhi haja tukikielekea wala kukipa mgongo. Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, haikosi ila kama digrii moja kwa upande wa mashariki. Mtoto wa chuo cha Kurani anaijua hiyo. Msikiti uko nyuma ya ofisi yao, na mihrabu yake wanaiona dirishani.

Nikamwonesha kijana aliyechora. Hakuinua macho kwenye simu. "Bibie, sinki atalizungusha fundi. Hayo si mambo ya ramani."

Bibie! Mimi nina umri wa mama yake, na shikamoo hakunipa. Lakini ya adabu tuyaweke kando kwanza. Fundi atalizungusha, sawa, hebu tulizungushe hapa hapa tuone litakaa wapi.

Choo kimechorwa mita 1.2 mashariki kwa magharibi, na mita 1.8 kusini kwa kaskazini, kwenye pembe ya nyumba, kwa kuta za mstari mmoja, yaani bila kuonesha unene wake. Mstari mmoja! Ukuta wa tofali la inchi 6 ni sentimita 15, tia plasta ya sentimita moja na nusu huku na huku, umefika 18. Mstari wa nje ni uso wa nje wa nyumba, kwa hiyo sentimita 18 zote zinaliwa ndani. Mstari wa ndani unapita katikati ya ukuta, unakula 9 nyengine. Jumla 27. Ile 1.2 imebaki sentimita 93, na ile 1.8 imebaki 153. Sinki la kukaa pamoja na tangi lake linatoka ukutani sentimita 65 mpaka 70. Ukiligeuza litazame mashariki, mbele yako zimebaki sentimita 23, au 28 ukibahatika. Magoti ya mtu mzima yanataka si chini ya 55. Utakaa upande upande kama umepanda punda wa shamba.

Kwa hiyo fundi hana pa kulizungushia. Ili sinki likae sawasawa, ule mstari wa mita 1.2 uwe 1.55, ndani ubaki uwazi wa 1.28, na hizo sentimita 35 zikatwe sebuleni, maana sebule ndiyo iliyopakana na choo. Sebule yenyewe, ukishatoa kuta, ilikuwa mita 2.82. Sasa inakuwa 2.47. Hapo bado panaingia makochi mawili madogo yanayotazamana na meza katikati, ila kabati la vyombo lililochorwa halina nafasi tena. Kwenye nyumba kubwa ungesema sentimita 35 si kitu. Kwenye kijumba ukigusa ukuta mmoja umegusa vyote, na ndiyo maana watu tunalipa mchoraji kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Wapo watakaosema tia sinki la kuchuchumaa. Kweli, hilo sentimita 93 zinalitosha kwa kubanana, na ni rahisi kusafisha. Lakini nilishawaambia tangu siku ya kwanza kwamba atakayekaa humo ana magoti mabovu, na wakaandika. Wameandika, wakachora sinki la kukaa, wakalielekeza kibla!

Jambo la kuta za mstari mmoja msilichukulie mzaha. Walichora kwa skeli ya 1 kwa 100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba, na kwa skeli hiyo ukuta wa sentimita 18 ni milimita 1.8 kwenye karatasi, unene wa kalamu ya wino mzito. Ndiyo wanapojifichia. Nyumba yenye mita za mraba 30.24 kwa nje, ukishatoa kuta za nje tu, ndani ina 26.27. Karibu mita 4 za mraba zimeyeyuka, na kuta za kugawa vyumba hujazihesabu. Mwenye nyumba ya vyumba vinne hazimuumi. Kwetu sisi hiyo ni nafasi ya kitanda cha 5 kwa 6 na kipenyo cha kupita ubavuni. Mdai mchoraji skeli ya 1 kwa 50 kwa nyumba nzima, ukuta uwe na mistari miwili, na choo na jiko vichorwe peke yao kwa 1 kwa 20. Akikwambia haina haja, chukua ramani yako uondoke.

Bomba nalo halikuonekana kabisa. Kwenye sinki la tundu la chini, umbali wa tundu kutoka ukutani unatofautiana sinki kwa sinki, kwa hiyo linunuliwe kwanza, lipimwe, halafu ndiyo bomba la inchi 4 lisimamishwe kabla zege la sakafu halijamwagwa. Mteremko mpaka kwenye chemba ni sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Anayesema fundi atalizungusha hajawahi kuliona zege la siku tatu likipigwa tindo, vumbi mpaka kwa jirani, na bomba likishatoka limepasuka. Mfereji wa kutawadhia nao ukae mkono wa kulia wa aliyekaa, mbele kidogo ya ukingo wa sinki, kimo cha kama sentimita 50, kwa sababu kulia ndiko kunakoshika kopo. Wao waliutia nyuma ya tangi. Sijui walidhani unaoga nao.

Na mlango wa choo ufungukie nje. Ndani ya mita 1.28 hakuna pa kuupokea, na mtu mzima akianguka ndani, mlango unaosukumwa kwa ndani utagota mwilini mwake.

Mpaka hapa ningewapa nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya bahasha. Lakini haki ni haki, ngoja niseme la paa, maana la paa limenifunga mdomo.

Nyumba wameilaza mashariki kwa magharibi, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, madirisha yakakabiliana. Kaskazi ikivuma inaingia huku inatokea kule, na kusi ikija ni vilevile kinyume chake. Kuta fupi ndizo zilizoachiwa jua la asubuhi na la alasiri, na choo na jiko wameviweka magharibi kabisa, hilo joto la jioni liishie kwenye choo, lisifike chumba cha kulala. Hayo mtu anaweza kuyasoma mahali. Kilichonishangaza ni upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta.

Nilitaka upenu wa sentimita 80, nikidhani mrefu ndio mzuri. Wakanirudishia 60 na hesabu pembeni kwa mkono. Nusu ya upana wa nyumba ni mita 2.1, ongeza 0.6 zinakuwa 2.7, na paa la digrii 25 likipanda kutoka hapo linakuwa mita 2.98. Bati la dukani ni mita 3. Bati moja zima linatoka kwenye kofia ya juu ya paa mpaka ukingoni, halina kiungo katikati, halikatwi, na sentimita tano za kuingilia gata zinapatikana kwa kulishusha kidogo na kuiacha kofia ifunike juu. Kwa 80 yangu ingekuwa mita 3.2, kila mstari ungetaka kipande cha pili, na penye kiungo ndipo hewa ya chumvi inapoanza kula. Kisha wakaonesha kivuli. Mwezi wa Juni jua la mchana linalalia kaskazini kama digrii 30 kutoka utosini, na upenu wa 60 unafunika mita moja ya ukuta kuanzia juu, yaani dirisha lote waliloliweka pale. Disemba jua liko kusini lakini karibu na utosi, kivuli kinashuka zaidi.

Hiyo ni kazi ya mtu anayejua. Nikauliza kachora nani, nikaambiwa mzee mmoja ambaye haonani na wateja. Basi! Anayejua amefichwa nyuma, na anayechezea simu ndiye aliyewekwa mlangoni. Nikapandisha nyota, tatu, karibu nne.

Zikashuka siku ya marekebisho. Kuuhamisha ukuta wa choo sentimita 35 na kuligeuza sinki, nimetozwa laki na nusu. Eti ni "mabadiliko ya mteja". Mabadiliko gani, ndugu zangu? Mimi sikubadili mawazo, kibla nacho hakikuhama. Nilikataa, kijana akasema bila kulipa sipewi nakala zenye muhuri, na bila muhuri hakuna kibali cha ujenzi. Nikalipa, na neno nililotoka nalo pale siliandiki.

Na marekebisho yenyewe wameyafanya nusu. Sinki limegeuka, mlango sasa unafungukia nje, lakini tangi la maji la lita 500 limebaki limechorwa juu ya kenchi za choo. Lita 500 ni nusu tani, na kenchi za mbao za mbili kwa nne hazikufanyiwa hiyo. Tangi linataka slebu yake juu ya kuta, au mnara wa nguzo nje, mita mbili juu ya bomba la kuogea angalau, kama hutaki maji yatone. Karo la choo limetiwa mita 12 kutoka kisimani, na ardhi ya kule ni mawe ya matumbawe, maji machafu hayachujwi na kitu, yanapita kwenye nyufa moja kwa moja. Mimi sikubali chini ya 30 penye mawe kama yale. Sikurudi kuwaambia, wasije wakanitoza tena. Nimevirekebisha mwenyewe kwenye nakala ya fundi kwa kalamu nyekundu.

Kama utakwenda kwao au kwa wengine, fanya hivi kabla ya kusaini. Chukua vigingi, kamba na chokaa, uchore nyumba nzima uwanjani kwa ukubwa wake, kila ukuta mistari miwili iliyopishana sentimita 18. Tandika mkeka wa ukubwa wa kitanda. Weka kiti pale penye sinki, ukalie, unyooshe miguu. Fungua mlango wa maboksi. Mwite jirani mnene apite kati ya meza na jiko wewe ukiwa umesimama penye mtungi wa gesi. Kwa saa moja utayaona ambayo ramani ya 1 kwa 100 haikwambii, na chokaa kukifuta ni ndoo moja ya maji.

Mniulize kama nawapendekeza? Siwapendekezi. Ila kwa paa, ningekwenda hata kesho, kwa sharti niingie kwa mlango wa nyuma nikae na yule mzee. Choo nitachora mwenyewe. Na kama mwenye ofisi anasoma, laki na nusu yangu naitaka, na kijana afundishwe kuamkia.